Najua la Kusema

Lodwar,
11 Machi 2012

Kwa binti yangu Nyariek,

Ejok? Mimi sijambo, na natumaini wewe pia hujambo huko Kakuma, mafua yamekwisha, na ule ukuta wa jikoni bado umesimama. Mjomba wako Esekon anakusalimu. Mkono wake wa kulia bado haujaamka tangu kile kiharusi kilichonileta huku kumtunza, mguu ndio kabisa, lakini mdomo uko sawa na anautumia kutwa nzima kulalamika kwamba uji hauna chumvi.

Usishangae mwandiko. Ni wangu, sikumpa mtu aniandikie. Nimekaa na karatasi hii tangu Ijumaa, na zile mbili za kwanza nimefungia samaki. Ukiwa na jambo la haraka, simu ya Caritas, yule ninayeuza naye samaki sokoni, ipo, lakini kwenye simu nasema hujambo na sijambo, halafu nasahau yote niliyopanga. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, ukiwa darasa la tatu, ukiandika kwenye mchanga nje ya mlango na kunichapa kwa kijiti nikikosea. Sasa ona mwanafunzi wako.

Barua ataileta Caritas huyo huyo. Kila baada ya wiki mbili hupeleka samaki wakavu wa Kalokol sokoni Kakuma, na ameniahidi kuiweka kati ya magunia. Ikinuka, sababu unaijua.

Nimeingia ngumbaru, darasa la Kiingereza. Kule hospitali wakimtazama Esekon wanazungumza Kiingereza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kiti, nikaona nimechoka kuwa kiti. Mwalimu wetu anaitwa Wahu, ametoka Nyeri, na kila siku analia joto. Juzi ametuandikia ubaoni "where to go", "what to do", "how to cook". Mimi najua "where" ni la kuuliza. Lakini hapa haulizwi mtu, wala ile alama ya kuuliza haipo. Nilipomwuliza alisema nitaelewa mbele ya safari. Mimi nataka kuelewa leo. Wewe ni mwalimu, nieleze.

Nyumba hii hupitiwa na watu wengi ila hakuna anayenisahihisha. Nimekukumbuka sana.

Mama yako,
Akoru


Kakuma,
2 Aprili 2012

Mpendwa Mama,

Pokea salamu nyingi kuliko mchanga wa mto Tarach. Mimi ni mzima, mafua yalikwisha zamani, na ukuta umesimama kwa sababu nimeuegemeza na ubao wa shule. Msalimie mjomba, mwambie chumvi si nzuri kwa ugonjwa wake, aache ubishi.

Barua yako ilinuka mpaka jirani akaja na sahani. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Halafu niliipeleka darasani. Nina wanafunzi tisini na wawili, Mama, wengine wamefika mwezi uliopita tu kutoka Jonglei, Sudan Kusini, na wananicheka kwamba Mdinka mzima nikikasirika nagomba kwa Kiturkana. Nikawaonyesha barua nikawaambia: huyu ndiye aliyenilea, yeye ndiye aliyenipa Kiturkana, na alianza kuandika akiwa na umri wa bibi zenu.

Sasa somo. Ukiweka neno la kuuliza, kisha "to", kisha kitendo, swali linatulia. Halimuulizi mtu tena. Linakuwa kitu unachokijua au usichokijua. "Where to go" ni pa kwenda. "What to do" ni la kufanya. "How to cook" ni jinsi ya kupika, "when to stop" ni wakati wa kuacha, "who to ask" ni mtu wa kuuliza. Tanguliza "I know" au "I don't know", umemaliza. Sisi kwa Kiswahili tunapenda kumtaja mtu kila mahali, sijui niende wapi, sijui tufanye nini. Kiingereza kikishamtaja mwanzoni hakirudii. Niandikie sentensi tano, nitasahihisha kwa kalamu nyekundu, na kijiti bado ninacho.

Matokeo yangu ya kidato cha nne yametoka, nimepata B. Kuna wanafunzi wa chuo kikuu huko Kanada ambao kila mwaka huchangishana kuchukua wakimbizi wachache wakasome kwao. Nimejaza fomu. Tumejaza mia nne na zaidi, kwa hiyo usianze kulia.

Nimeomba kibali cha kutoka kambini nije nikuone Pasaka. Wamekataa tena, wanasema kumwona mgonjwa asiye ndugu yangu si sababu. Nimebaki kuutazama tu ule mlima wa upande wa Lodwar.

Mwanao,
Nyariek


Lodwar,
20 Mei 2012

Kwa binti yangu Nyariek,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya. Sisi tuko. Kawalase ilifurika wiki iliyopita ikachukua mbuzi wa watu, sasa imekauka tena kama haijui lolote. Hapa mjini kila mtu anazungumza mafuta, ati yamepatikana huko kusini, na Esekon anasema sasa tutapikia dhahabu. Kwanza atembee.

Nimeelewa. Ulivyosema kwamba swali linatulia, hapo hapo nikaelewa, na nilimwambia mwalimu Wahu akaandika maneno yako kwenye daftari lake. Sentensi zangu hizi:

I know how to cook fish.
I know where to find firewood.
I don't know who to send to Kakuma.
I don't know when to come.
I don't know why to cry.

Ya tatu ni uongo kidogo, Caritas yupo. Ya nne ni kweli. Esekon hawezi kujigeuza, na mkewe, kama unavyojua, alikwenda kwao Namoruputh na hajaonekana. Siku nitakayopata mtu wa kukaa naye siku mbili tu, nitapanda lori la samaki nije. Nimeota mara mbili nakusuka nywele.

Sahihisha.

Mama yako,
Akoru


Kakuma,
17 Juni 2012

Mpendwa Mama,

Salamu kwako, kwa mjomba na kwa mwalimu Wahu ambaye sasa namwonea wivu. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo kwa sababu ya joto la darasa la mabati.

Nne kati ya tano. Nimepiga alama nyekundu kwenye ya mwisho. "Why" haliendi na "to". Mengine yote yanaenda nalo, hilo moja linakataa. Huwezi kusema "why to cry". Itabidi umtaje mtu na useme yote, "I don't know why I cry". Usiniulize sababu, hata vitabuni hawaelezi. Na kwa nini ulie, Mama? Niambie kwa Kiswahili.

Sasa shikilia kitu. Tumebaki kumi na wanane. Jina langu lilibandikwa ukutani Jumatano, Nyanut jirani yetu ndiye aliyeliona kwanza ingawa hajui kusoma, alitambua umbo lake kwenye kadi yangu ya chakula. Alipiga vigelegele mpaka polisi wakaja.

Mwezi wa kumi na moja kutakuwa na mahojiano na watu wa kesi, wale wa ofisi wanaochunguza faili za wakimbizi. Wanataka kila karatasi yenye jina langu. Cheti cha shule ninacho, kadi ya chakula ninayo. Ile kadi ya ubatizo uliihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, na kopo ulikwenda nalo. Nitumie na Caritas, tafadhali, na umwambie asiiweke kati ya samaki.

Nikipita, Mama, nitasoma uuguzi. Nitakuja kumgeuza Esekon kwa mkono mmoja.

Mwanao,
Nyariek


Lodwar,
1 Julai 2012

Kwa binti yangu Nyariek,

Ejok, ejok. Sina neno jingine la kuanzia. Niliposikia kumi na wanane niliwaacha wateja wakashika samaki wenyewe.

Kadi hiyo hapo, Caritas ameishonea ndani ya kanga. Itunze. Wewe ulikuwa na miaka tisa wakati ule, hukumbuki vizuri, basi nikukumbushe. Ilikuwa Pasaka. Mlikuwa watoto thelathini na gauni lako nilikuwa nimeliazima. Katekista alipita na daftari akiuliza kila mtoto jina la mama. Alipofika kwako ukanitazama. Wajomba zako wa Kidinka walikuwa vitani wote, na mmoja wao, huyo Mou aliyekuja baadaye kukuchukua, akakusikia unavyoongea akacheka akakuacha, alikuwa hajatokea bado. Nyanut alikuwa amesimama pembeni, naye hakusema kitu. Nikasema, mimi. Katekista akaandika.

Unajua watoto wangu wawili hawakufika kutembea. Na Ajok mama yako, Mungu ampumzishe, nilimletea kuni miaka miwili akinipimia unga, mpaka ikawa tunasahau kupima na tunakaa tu kuzungumza kwa mikono. Alipougua alikuweka mapajani pangu. Kwa hiyo siku ile ya daftari sikuona kwamba nasema uongo. Sijawahi kuwa na karatasi nyingine yenye jina langu na la mtoto pamoja. Nimekuwa nikiitoa kwenye kopo kila Jumapili, nikijifunza kuisoma. Jina la mama: Akoru Lokol.

Waonyeshe hao watu. Waone kwamba una watu wako.

Mama yako,
Akoru


Kakuma,
25 Novemba 2012

Mpendwa Mama,

Natumaini hujambo na mjomba hajambo. Samahani kwa kimya cha miezi yote hii, nilikuwa najiandaa, na sasa nimechelewa wiki mbili nyingine kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Mahojiano yalikuwa tarehe nane. Mama mmoja mzee wa heshima ndiye aliyenihoji, na pembeni yake mkalimani wa Kidinka, kijana anaitwa Jok. Cheti cha shule walikipenda. Halafu akaichukua kadi ya ubatizo akaisoma polepole, akafungua faili langu, akasoma tena. Faili linasema mama yangu anaitwa Ajok na alifariki hapa kambini mwaka tisini na tano. Kadi inasema mama yangu anaitwa Akoru, na Akoru ni jina la Kiturkana.

Nikaeleza. Nikasema ndiye aliyenilea. Akamwambia Jok azungumze nami Kidinka, na Mama, Kidinka changu unakijua, kinachechemea. Jok aliuliza habari za ng'ombe, nikajibu nusu kwa Kiturkana bila kujua. Nikaona amemtazama yule mama.

"Kama huyu ni mama yako," akasema yule mzee, "basi wewe ni Mkenya. Na Nyariek wa kwenye faili hili yuko wapi?"

Umeelewa? Wanadhani mimi ni msichana wa Kiturkana aliyechukua jina la mtoto wa Kidinka aliyekufa. Wanasema imewahi kutokea, watu wenye njaa hujiandikisha. Sitapoteza Kanada tu, hata kadi ya chakula inaweza kwenda. Wamenipa mpaka mwezi wa tano. Wanataka niandike kwa mkono wangu kwamba Akoru Lokol si mama yangu, na kadi ni ya uongo, na wapate mtu wa kuthibitisha.

Nimewaambia sitaandika. Nitakaa hapa nifundishe watoto wangu tisini na wawili. Wewe uliniambia niwaonyeshe kwamba nina watu. Nimewaonyesha.

Mwanao,
Nyariek


Lodwar,
16 Desemba 2012

Kwa Nyariek,

Salamu. Sisi wazima.

Nimeisoma barua yako, halafu nikampa mwalimu Wahu aisome, nikitumaini kwamba nimesoma vibaya. Sikusoma vibaya.

Kosa ni langu. Andika wanachotaka. Karatasi ni karatasi, nimefungia samaki karatasi nyingi. Usikatae chuo kwa ajili ya mdomo wangu wa siku ya Pasaka.

Usijibu kwa hasira. Krismasi njema.

Mama yako,
Akoru


Kakuma,
10 Februari 2013

Mpendwa Mama,

Hujambo? Mjomba je? Huku ni vumbi na kampeni za uchaguzi, hata sisi tusiopiga kura tunapigiwa vipaza sauti. Mimi mzima.

Krismasi sikuandika kwa sababu ya hasira, ulinijua. Nimekwenda ofisini mara mbili. Mara zote mbili wamenipa karatasi na kalamu, nikakaa. Nimeandika jina langu na tarehe. Halafu "Akoru Lokol", halafu nikakwama. Mimi ninayefundisha watu wazima na watoto, sikuweza kumaliza sentensi ya maneno matano. Nilimrudishia yule mama karatasi. Hakunikemea, alisema tu kwamba mwezi wa tano hauko mbali.

Ningekuwa na wewe hapa hata saa moja ningejua la kufanya. Kibali wamenikatalia mara ya nne. Kilomita mia na ishirini, Mama, na ni kama umevuka bahari. Nikilala nasikia unavyokohoa kabla ya kuinuka, halafu naamka naona ni jirani.

Mbona barua zako zimekuwa fupi? Sentensi za Kiingereza hunitumii tena. Umeacha darasa?

Mwanao,
Nyariek


Kakuma,
3 Mei 2013

Mama,

Natumaini ulifika salama. Naandika hivyo kwa sababu jana nimekuona.

Waliniita ofisini saa tatu. Nilikuwa kwenye benchi la nje, chini ya kile kibanda cha mabati, na Nyanut ameketi karibu na mlango, ameitwa naye, hataki kuniambia kwa nini. Geti likafunguliwa ukaingia. Ulikuwa umevaa ile kanga ya kijani na shanga zote. Mwaka mmoja na miezi sita sijakuona. Umekonda, na goti la kushoto unaliburuta. Niliinuka. Nikakwambia, "Ejok." Ulikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeshika kanga yako.

Ukapita. Hukugeuza hata jicho. Ukamsalimia askari, ukamsalimia Nyanut, ukaingia ndani.

Nilikaa pale saa nzima. Mlipotoka mlitoka na gari la ofisi, wewe na Nyanut na yule mama, mkaenda mkarudi, na wewe ukashukia barabarani, hukurudi ndani. Caritas alikuwa kwako kumtunza mjomba, nilikuja kujua baadaye. Saa nane ulikuwa juu ya lori la samaki unarudi. Hukufika hata nyumbani kuona ukuta.

Yule mama ndiye aliyenieleza. Alisema umemkataa mkalimani. Alisema ulisimama ukaongea Kiingereza mwenyewe, taratibu, kama mtu anayehesabu: "I am not her mother. Her mother is Ajok. I told the church a lie. I know where to find the grave." Kisha ukawapeleka kaburini, na Nyanut akashuhudia kwamba mlimzika wawili. Kuna mawe, anasema, yamepangwa vizuri na yamepakwa chokaa. Mimi sikujua kwamba kaburi lina chokaa. Hukuwahi kunipeleka.

Wamekubali. Faili linaendelea, na sikulazimika kuandika kitu. Nyanut amenipikia, watu wananipongeza, na mimi nimekaa nakuandikia.

Nina swali moja tu na nataka jibu. Ungeweza kunitazama. Hakuna ofisi inayokataza kutazama. Kwa nini?

Mwanao,
Nyariek


Lodwar,
19 Mei 2013

Nyariek,

Salamu. Barua imefika. Esekon hajambo.

Unalouliza sitalijibu kwa karatasi. Wakikuita, nenda. Usinitumie barua nyingine mpaka uwe umeondoka Kakuma.

Samaki mwaka huu ni wachache.

Akoru Lokol


Nairobi,
21 Agosti 2013

Mama,

Salamu kutoka Nairobi. Hapa ni baridi, nimevaa nguo zote nilizo nazo, na chakula kina viazi kila siku. Natumaini uko salama, na mjomba, na goti. Ndege ni kesho.

Nilikaa miezi mitatu na hasira. Kila nilipotaka kukuandikia nilikumbuka ile "Akoru Lokol" ya mwisho, kama saini ya risiti. Nimefungasha nyumba yetu, masufuria nimempa Nyanut, na sikukuandikia. Ulitaka niondoke kwanza. Sasa nimeondoka.

Tulikuja kwa basi, na basi lilipita Lodwar. Lilisimama dakika kumi kuweka mafuta, mkabala na soko la samaki. Askari wa msafara alisimama mlangoni, hatukuruhusiwa kushuka. Nilimwambia nina mtu hapa. Akauliza, nani wako? Nilikuwa na anwani yako mfukoni na sikujua la kumjibu. Nilitazama meza zote za samaki kupitia dirishani, nikamwona Caritas, wewe sikukuona. Basi likaondoka.

Juzi walitupima afya. Daktari aliuliza mama yangu ana magonjwa gani, yale yanayorithiwa. Kwenye faili mama ni Ajok, kwa hiyo nikajibu sijui. Akauliza kama alikuwa na presha. Sijui. Sukari? Sijui. Macho? Sijui. Aliandika sijui saba zikifuatana. Na mimi nimekaa pale najua kwamba goti lako la kushoto linauma zaidi Juni, kwamba huna jino la nyuma upande wa kulia, kwamba ukila maharage unakesha, kwamba unakohoa mara mbili kabla ya kuinuka. Yote hayo ninayo, na hakuna mahali pa kuyaandika.

Nimekwenda kuliona kaburi kabla ya kuondoka. Nyanut alinipeleka. Ameniambia ulikuwa ukilipaka chokaa kila mwaka mwenyewe, na kwamba ulisema hutanionyesha mpaka niwe mkubwa, kwa kuogopa nisije nikahesabu nina mama wangapi. Nilimshukuru Ajok. Nilimwambia alichagua mapaja mazuri.

Nikifika nitakutumia anwani. Usiponijibu nitaelewa. Lakini sijaacha kuuliza.

Mwanao,
Nyariek


Lodwar,
27 Oktoba 2013

Kwa binti yangu Nyariek,

Ejok? Mimi sijambo, na natumaini hujambo huko kwenye baridi, na kwamba umenunua soksi. Anwani yako imefika kwenye sanduku la posta la kanisa, pamoja na ile picha ya miti isiyo na majani. Esekon anauliza kama huko nako kuna ukame. Sasa anaweza kukaa mwenyewe, ameegemea gunia.

Mtihani wa ngumbaru nimepita. Mwalimu Wahu amenisahihisha kwa kalamu ya buluu, si sawa.

Nakujibu sasa. Siku ile nilipoelewa walichodhani, nilijua kwamba itabidi nije niseme mwenyewe, na nilijijua. Mdomo uliozoea kusema mwanangu nyumbani ungeteleza ofisini. Kwa hiyo nikaanza kuufundisha. Miezi minne. Kila siku baada ya darasa nilikaa na mwalimu, nikasema "I am not her mother", naye ananirekebisha matamshi. Siku ya kwanza yeye ndiye aliyelia, mimi nilimaliza. Nikaacha kulitaja jina lako hapa nyumbani. Barua nikazifupisha, maana zinapita mikononi mwa watu na nilisikia kwamba ofisi inaweza kuziomba. Nilipofika getini nilikuwa tayari. Najua la kusema, nikajiambia, najua jinsi ya kulisema, najua mtu wa kumwambia. Kisha nikakuona umesimama, na nywele hujasuka vizuri, na ukaniambia ejok.

Ningekutazama, Nyariek, yule mama angeona. Mtu yeyote angeona. Hakuna Kiingereza ambacho kingefuta uso wangu. Ningefika ndani niseme si mama yake na wote wangecheka. Kwa hiyo nikamtazama askari. Mpaka leo namjua yule askari vifungo vyote vya shati.

Na basi. Caritas alikuwa ameniambia siku. Nilikuwa pale tangu asubuhi, nyuma ya meza ya mwisho, chini ya turubai, na kanga kichwani. Nilikuona. Dirisha la tatu, kitambaa cha njano. Ulikuwa unatafuta kwa macho meza moja moja, na ulipokaribia ya mwisho niliinama nikashika samaki. Niliogopa bado kuna mtu wa kuuliza. Basi lilipoondoka nilikimbia kidogo. Goti likakataa. Nililifuata kwa macho mpaka vumbi likatua. Wateja walidhani nimeibiwa.

Pasaka ile ya kadi nilisema mimi, na nilikuwa nasema kweli. Mwezi wa tano nilisema si mimi, na wote wakaniamini.

Wiki iliyopita Caritas alimpeleka Nyanut ofisini Kakuma aulize, kwa niaba yangu, kama kuna jambo limebaki. Wamemwambia hakuna, umekwishapokelewa na faili limefungwa. Nimesubiri kulisikia hilo kabla ya kushika kalamu. Sasa hakuna tena wa kuisoma barua hii isipokuwa wewe.

Sentensi moja sahihisha, nimeiandika bila mwalimu: I know who to wait for.

Mama yako,
Akoru